Wimbo mmoja, majina mawili: faili zilizofichwa kwenye kadi ya memori

Ukitoka Makunduchi au Nungwi ukaenda Darajani kujaziwa taarabu kwenye kadi ya memori, ukirudi nyumbani huenda ukakuta kila wimbo una majina mawili. Moja linapiga, jingine linagoma. Usikimbilie kusema kadi ni mbovu au ina virusi.

Mara nyingi chanzo ni kompyuta iliyotumika kunakili. Kompyuta ya Mac inaponakili wimbo kwenye kadi, inaweza kuweka pembeni faili ndogo ya maelezo yake. Jina lake ni lile lile la wimbo, ila hutanguliwa na nukta na mstari wa chini: ._ Wimbo wa dakika nne huwa na takriban MB 4. Faili hiyo mara nyingi ni KB 4 tu. Ndani hamna sauti, kwa hiyo ukiifuta, wimbo unabaki salama.

Nukta ndiyo alama ya kujificha. Ni desturi ya mfumo wa kompyuta wa Unix tangu miaka ya 1970: faili yenye jina linaloanza na nukta haionyeshwi. Simu za Android zimeirithi. Redio ndogo nyingi hazijui desturi hiyo, ndiyo maana hujaribu kupiga kila kitu.

Lakini si kila faili ya nukta ni ya kupuuza. Iko inayoitwa .nomedia, ambayo kwa kawaida haina kitu ndani. Ikiwepo kwenye folda, simu haionyeshi picha za folda hiyo kwenye galari. Picha za harusi au za marehemu zikitoweka ghafla, usifomati kadi. Fungua kwanza programu ya mafaili, washa "onyesha faili zilizofichwa", uzitafute humo.

Nyingine ni folda ya .thumbnails, inayohifadhi nakala ndogo za picha ili galari ifunguke haraka. Ukifuta picha kubwa, nakala ndogo huenda ikabaki. Na katika simu nyingi mpya, picha iliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza simu, kufuta picha moja moja hakutoshi. Hamisha unavyovihitaji, toa kadi, ondoa akaunti zako, kisha irejeshe simu katika hali ya kiwandani. Hapo ndipo umpe mnunuzi.