Sumaku Kwanza, Fundi Baadaye

Ndugu askari na polisi, hapa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, unyevu wa hewa ni adui wa silaha. Yatupasa kuijua bunduki ya marisau, ile inayokokwa kwa kuvutwa mkono wa mbele, kabla ya kuitunza.

Kwanza tutoe risasi zote, tukague chemba kwa jicho na kwa kidole. Kisha tuweke sumaku juu ya kiwiliwili chake, penye mitambo. Ikinata, ni chuma, kama Remington 870. Isiponata, yaelekea ni aluminiamu, kama Mossberg 500, ijapokuwa mtutu wake ni wa chuma.

Rangi nayo ina habari yake. Weusi wa samawati unaong'aa huzuia kutu kidogo tu, nao wahitaji mafuta daima. Kijivu cha fosfeti kisichong'aa hushika mafuta vyema zaidi.

Tusidharau jambo hili. Dawa ya moto ya kurudishia chuma weusi wake ina magadi makali, nayo huila aluminiamu. Bunduki ikitumbukizwa humo bila kupimwa, mali ya umma imepotea. Tupime kwa sumaku kwanza, ndipo tumkabidhi fundi.