Ulikamatwa kwenye maandamano: viza ya utalii imeenda?

Maandamano yakikaribia, lazima mtu aibuke kwenye mjadala aseme: "Kijana, ukikamatwa sahau kusafiri." Hapa Molo tuliisikia sana 2024. Ni nusu ukweli.

Kukamatwa si kupatikana na hatia. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema huna hatia hadi ithibitishwe. Lakini (hapa ndipo watu huteleza) DS-160, fomu ya viza ya Marekani, haiulizi kama ulihukumiwa tu. Inauliza kama umewahi kukamatwa. Ulilala selo, ukafikishwa kortini, kesi ikaondolewa? Jibu bado ni ndiyo.

Ukisema hapana na wagundue, shida si selo tena, ni uongo. Na uongo kwenye viza unaweza kukufungia Marekani maisha. Sema ndiyo, eleza, beba karatasi za korti. Kukamatwa mara moja bila hukumu kwa kawaida hakukunyimi viza. Wengi hunyimwa kwa kushindwa kuonyesha kitakachowarudisha nyumbani.

Hizo karatasi zisome kwanza. Ukiona "87(a)", mashtaka yaliondolewa lakini yanaweza kurudishwa. Si sawa na kuachiliwa huru baada ya kesi kusikizwa, ingawa mtaani tunasema tu "kesi iliisha". Kisha omba cheti cha tabia njema cha DCI, shilingi 1,050, vidole vichukuliwe Huduma Centre Nakuru, uone kinasema nini kabla ubalozi haujauliza.

Na huyo anayekutisha muulize: Kifungu cha 37 kinaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Sasa hapo nakamatwa kwa kosa gani?