Zibibbo: Zabibu inayojificha upepo

UKISIKIA Mwitaliano akitaja 'zibibbo', usishtuke. Ni zabibu tu! Neno lao na letu yametoka kwa Kiarabu, zabib, yaani zabibu kavu.

Zibibbo hukuzwa Pantelleria, kisiwa cha volkano kilicho karibu na Tunisia kuliko Sicily. Huko upepo si mchezo. Ndiyo maana mkulima huchimba kishimo, akapanda mzabibu ndani, kisha akaupogoa ubaki mfupi kama kichaka. Mwaka wa 2014, UNESCO iliutambua ukulima huu kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mavuno huanza Agosti. Sehemu ya zabibu huanikwa juani hadi zinyauke, kisha hutiwa kwenye juisi ya zabibu mbichi inayochacha. Hapo ndipo hupatikana passito, divai tamu yenye rangi ya dhahabu.

Shida ni kazi yenyewe. Trekta haipiti kati ya vishimo na kuta za mawe. Ni mikono tu, na mgongo kuinama kutwa. Mashamba mengi yameachwa.

Kwa hivyo ukiona bei ya chupa moja, usishangae. Unalipia mgongo wa mtu.