Ardhi ya Umma Ikishauzwa Hairudi



Kila Ijumaa tutokapo kuswali katika Msikiti wa Nizamiye, uliofunguliwa mwaka 2012, tunapita kati ya Midrand mbili. Moja ni ile ya Waterfall, yenye majumba ya fahari na soko kubwa la Mall of Africa lililofunguliwa mwaka 2016. Nyingine, upande wa mashariki, ni Ivory Park, mtaa ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako wenyeji na wageni wanapanga vyumba vya uani. Njiani tunaona mashamba matupu yaliyoota nyasi, na watoto wetu huuliza: hii ni ya nani?

Baadhi yake ni mali ya watu binafsi. Lakini katika nchi hii serikali kuu, majimbo, manispaa na mashirika ya umma nayo yana ardhi isiyotumika. Je, iuzwe kwa mwenye fedha nyingi, ama ijengwe nyumba ambazo mtu wa kipato kidogo aweza kuzilipia?

Wanaotaka iuzwe wana hoja yao. Manispaa yahitaji fedha za kutengeneza barabara na mabomba, na kiwanja kitupu hakiingizi kitu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, fedha ya mauzo hutumika ikaisha, na ardhi haizaliwi tena. Manispaa iliyouza leo, kesho ikitafuta mahali pa kujenga itasukumwa mbali na kazi, shule na kituo cha treni. Huko ardhi ni rahisi, lakini kile ambacho mpangaji anakiokoa katika kodi humtoka katika nauli.

Sheria yenyewe haisemi kwamba bei ndiyo kila kitu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Fedha za Manispaa, Namba 56 ya mwaka 2003, chataka kwamba kabla ya kutoa mali kama hiyo, baraza likae katika mkutano ulio wazi kwa umma, lithibitishe kuwa mali hiyo haihitajiki kwa huduma za msingi, kisha lipime bei ya soko pamoja na manufaa ya kiuchumi na ya kijamii. Aidha, mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kuunda Wakala wa Uendelezaji wa Nyumba, HDA, ambao kazi yake ni kutafuta na kutoa ardhi, ikiwemo ya serikali, kwa ajili ya makazi. Zana zipo, lililobaki ni kuzitumia.

Tena mfano wa njia ya tatu uko hapa hapa. Ardhi ya Waterfall ilinunuliwa katika miaka ya 1930 na familia ya Mia, na hadi leo haiuzwi moja kwa moja. Anayenunua nyumba pale hupata haki ya kupanga kwa miaka 99, na ardhi inabaki kwa taasisi ya Kiislamu. Sisi tuliolelewa pwani, tunaojua waqfu, jambo hili si geni kwetu: asili hufungwa, pato hutumika. Kwa hakika nyumba za Waterfall si za maskini. Lakini ikiwa mwenye ardhi binafsi ameweza kuishika ardhi yake huku ikijengwa, ni lipi linalozuia umma kufanya vivyo hivyo, ukaikodisha kwa wajenzi kwa sharti la kodi nafuu?

Twende na nyumbani kidogo. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa katika nyumba kuukuu za manispaa, zikangoja kwa miaka mingi huku wengine wakitaka ardhi ile nzuri. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kuwa wangejengewa pale pale, na Machi 2022 Rais Samia alifungua maghorofa yenye nyumba 644. Subira ile ilikuwa chungu, lakini kilichowaokoa ni mambo mawili: ardhi ilibaki ya umma, na idadi yao ilijulikana.

Sasa yatuhusu vipi sisi wageni? Yatupasa tusijidanganye. Ruzuku ya nyumba ya serikali hutolewa kwa raia na kwa wenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwenye kibali cha muda hapati. Anayestahili kuomba kibali cha kudumu asizembee, na kila familia itunze karatasi zake. Hata asiyestahili ana faida: nyumba zikiongezeka, mbano wa vyumba vya uani utapungua.

Jambo la pili ni tahadhari. Yupo ndugu yetu aliyeuziwa "kiwanja" katika shamba tupu na mtu mwenye mhuri na daftari. Alilipa akiba yake yote, akasimamisha mabati, kisha ikadhihirika kuwa muuzaji hakuwa na haki yoyote. Msilipe senti kabla ya kuulizia jina la mwenye ardhi katika ofisi ya usajili wa hati. Na jueni kwamba Katiba, kifungu cha 26, yakataza mtu yeyote kutolewa katika makao yake bila amri ya mahakama. Haikusema raia, imesema mtu.

La mwisho, mikutano ya baraza iko wazi. Tangazo la kuuza ardhi likitoka, tusome, twende, tuandike maoni yetu kwa adabu. Anayenyamaza siku ya mnada hana la kusema siku ya ukuta.

Wabillahi tawfiq.