Mafuta Katika Mishipa: Mzigo Usiotuliwa

Wapagazi wa zamani waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora walivuka kwanza pori la Mgunda Mkali, maji haba na mizigo mabegani, hata wakafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kuwa maana ya jina hilo ni "tua", yaani weka mzigo chini. Leo Tura ni kituo cha Reli ya Kati, na misafara ile imekwisha. Lakini ndani ya miili yetu wamo wapagazi wengine, na baadhi yao hawapati Tura ya kutulia mizigo yao.

Katika miili yetu mna chembe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na takataka. Mtaalamu wa Kirusi, Metchnikoff, alizitambua mwaka 1882 alipokuwa akichunguza viumbe vidogo vya baharini. Chembe hizi humeza hata mafuta. Lehemu ikizidi katika damu, hupenya ndani ya kuta za mishipa. Nazo huifuata huko, zikaimeza bila kutosheka mpaka zikajaa matone ya mafuta. Zikitazamwa kwa hadubini huonekana kama povu, na kwa hiyo huitwa chembe za povu.

Zikielemewa hufa papo hapo, na mzigo hubaki ukutani. Nyingine huja kuuzoa, nazo zikaelemewa vilevile. Hivyo ukuta huvimba mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe hana habari. Siku uvimbe ule ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Ukiziba mshipa wa moyo, moyo hushikwa ghafla. Ukiziba wa ubongo, ni kiharusi. Chembe za namna hii hupatikana pia katika mapafu ya mwenye kifua kikuu, na humo vijidudu hujificha na kujilisha mafuta.

Je, haya ni maradhi ya watu wa mbali? Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones wa Kampala walieleza kuwa ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno kwa Waafrika wa Uganda, bali si nadra kwa Wahindi waliokaa nchi hiyo hiyo. Na lehemu katika damu za watu wazima ilitofautiana vivyo hivyo. Basi chakula na mwenendo vina sehemu kubwa. Nasi tangu siku hizo tumebadili vyote viwili.

Mwenyezi Mungu hakuwaacha wapagazi hawa bila msaada. Imo katika damu namna ya mafuta mema inayopokea lehemu kutoka kwao na kuipeleka kwenye ini, nalo huitoa kwa njia ya nyongo. Juu yetu ni kutowazidishia mzigo. Mama wa nyumba na apunguze samli na vya kukaangwa, hata wakati wa futari, na azidishe kunde, mboga na samaki. Baba na aache sigara: tumbaku huwapa wakulima wa Tabora fedha, lakini moshi wake huharibu utando wa ndani wa mishipa, lehemu ikapata mlango. Na sote tutembee, tupimwe damu, na tujihadhari na israfu. Mzigo huu hutuliwa kidogo kidogo, nao hutuliwa nyumbani.