Ufundishaji wa Ubuddha shuleni

Ufundishaji wa Ubuddha shuleni na katika vyuo vikuu ni sehemu ya elimu ya dini ambapo wanafunzi hujifunza habari za Ubuddha, mara nyingi pamoja na dini nyingine za Asia kama Uhindu, Utao na Ushinto, bila kutakiwa kuzifuata. Kwa hiyo ni tofauti na mafundisho ambayo watawa huwapa waumini wao hekaluni.

Historia

Barani Ulaya elimu hiyo ilianza na maandiko, si na watu. Brian Houghton Hodgson, mwakilishi wa Uingereza huko Kathmandu, Nepal, alikusanya miswada ya Kisanskriti na kuituma sehemu yake Paris. Huko Eugène Burnouf aliisoma, na mwaka 1844 alitoa kitabu kikubwa kuhusu historia ya Ubuddha wa Uhindi. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon (leo Sri Lanka), alianzisha chama cha Pali Text Society ili kuchapisha maandiko ya lugha ya Kipali.

Kazi yao ilikuwa ya thamani kubwa, lakini iliacha kasoro iliyodumu katika vitabu vya shule. Wengi walidhani Ubuddha wa kweli ni falsafa iliyomo katika maandiko ya kale, na kwamba sanamu, sadaka, masalia na ibada za mazishi ni nyongeza za watu wasio na elimu. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Maandishi yaliyochongwa kwenye mawe huko Sanchi na Bharhut, nchini Uhindi, ambayo yana umri wa miaka 2000 hivi, yanataja watawa wa kiume na wa kike miongoni mwa waliochangia ujenzi wa stupa, yaani majengo ya kuhifadhia masalia matakatifu.

Mabadiliko yalionekana zaidi katika karne ya 20. Mwaka 1967 Ninian Smart alianzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Yeye alifundisha kwamba dini yoyote ichunguzwe kwa pande zake zote: ibada, masimulizi, maadili, mang'amuzi ya waumini na taasisi zao, wala si mafundisho ya imani peke yake.

Sheria

Nchini Marekani Mahakama Kuu iliamua mwaka 1963 kwamba shule za serikali zisiendeshe ibada ya kusoma Biblia, ila ikasema wazi kuwa kujifunza kuhusu dini kama sehemu ya elimu kunaruhusiwa. Huko Uingereza na Wales, sheria ya elimu ya mwaka 1988 ilitaka mitaala mipya ya somo la dini izingatie, pamoja na Ukristo, dini nyingine kuu zilizopo nchini. Huko Uingereza mzazi ana haki ya kumwondoa mtoto wake katika somo hilo.

Darasani

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila Mbuddha hutumia siku yake akitaamali. Kwa karne nyingi waumini wa kawaida wa Asia ya Kusini-Mashariki walishika dini yao hasa kwa kuwapa watawa chakula asubuhi, kutunza amri 5, kwenda hekaluni siku za sikukuu na kuwaombea marehemu. Taamuli ilienea kwa walei hasa kuanzia mwisho wa karne ya 19, kwa juhudi za walimu kama mtawa Ledi Sayadaw wa Myanmar (1846–1923). Mtoto wa familia ya Kibuddha anaweza basi kukuta kitabu cha shule kinaeleza dini asiyoitambua kuwa ya nyumbani kwao.

Ugumu mwingine ni neno "dini" lenyewe. Wajapani walianza kutumia neno "shukyo" kwa maana hiyo katika karne ya 19 tu, walipohitaji kutafsiri mikataba na vitabu kutoka nchi za Magharibi. Familia moja ya Japani huweza kumpeleka mtoto mchanga katika hekalu la Kishinto na kumzika babu yake kwa taratibu za Kibuddha, isione mgongano wowote. Jedwali linalompa kila mtu dini moja, jinsi vitabu vya shule vinavyopenda, haliwezi kuonyesha hali hiyo.

Walimu wengi hupeleka wanafunzi hekaluni. Hata Dar es Salaam, Tanzania, lipo hekalu la Kibuddha katika eneo la Upanga, ambalo asili yake ni wahamiaji kutoka Sri Lanka wa mwanzoni mwa karne ya 20. Wageni huvua viatu na kutonyosha miguu kuelekea sanamu ya Buddha. Kuvua viatu ni adabu ya mgeni. Kuinama mbele ya sanamu au kuchoma ubani ni ibada, hivyo mwanafunzi hapaswi kulazimishwa. Kuhusu taamuli darasani, hata ikiitwa zoezi la kutuliza akili, wazazi na walimu bado wanabishana iko upande upi.