Ukuta wa Zamani na Dawa Yake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitazama majengo ya enzi za reli yaliyoachwa kando ya njia itokayo Tenke kwenda Dilolo, ipitayo hapa Mutshatsha kuelekea bandari ya Lobito. Swali lilibaki: jengo kama hilo likigeuzwa hoteli, litengenezwe kwa vifaa gani? Zanzibar ina la kutufunza. Huko Shangani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, jengo la zamani la simu lililoitwa Extelecoms lilikarabatiwa na taasisi za Aga Khan, likafunguliwa mwaka 1997 kuwa hoteli ya Serena.

Nyumba nyingi za mji huo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu, kisha huutoa kwa jua na upepo. Ukipakwa saruji, maji hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, na lipu hubanduka pamoja na jiwe. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi hurudi kwenye chokaa. Hata upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo aghalabu hazivuki mita 3. Atakaye chumba kikubwa cha wageni heri aunganishe viwili kwa mlango kuliko kubomoa ukuta unaobeba dari.

Wapo watakaosema chokaa huchelewa kukauka na saruji ni imara zaidi. Ni kweli kwa jengo jipya. Kwa ukuta laini, ugumu huo ndio unaouumiza. Wengine watataja Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe huo huo lililojengwa mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini jengo lililosimama zaidi ya miaka 130 halithibitishi udhaifu wa vifaa vya kale. Linatuonya kwamba vifaa hivyo huishi kwa matunzo ya kila mwaka.

Sisi hatuna matumbawe, ila tuna udongo wa vichuguu, na tofali letu la kuchoma nalo hunyonya maji na kuyatoa. Tena kila tanuru la matofali mapya hula kuni za miombo. Ukuta uliookolewa ni msitu uliosalimika. Basi mwenye mradi azibe paa kwanza, achunguze lipu ya zamani ilichanganywa na nini, ndipo aende kununua mifuko ya chokaa au saruji.

(Itaendelea)